Ziwa Halisomi Brosha

Kuna maneno yameingia Naivasha na hayaonyeshi dalili ya kutoka: "kuishi kwa upatanifu na maumbile." Shika barabara ya Moi South Lake kutoka mjini, pita Karagita, endelea hadi Kongoni, ukisoma mabango. Kila hoteli inapatana na maumbile. Kila ploti inayouzwa kando ya maji inaheshimu mazingira. Kila anayetaka kujenga vibanda vya mbao ukingoni anaapa hatamsumbua hata kiboko mmoja. Mimi nasema upatanifu huo ni wa kuuzia wageni. Ziwa halikuulizwa, na majirani wa ziwa hawakuulizwa pia.

Tuanze na ziwa lenyewe. Naivasha inalishwa na Malewa na Gilgil, na haina mto unaotoka. Mvua ikizidi kule Nyandarua, ziwa linapanuka. Kiangazi kikiuma, linarudi nyuma. Mwaka wa 2009 lilikauka kiasi cha watu kuulizana kama litapona. Kuanzia 2010 likaanza kupanda. Ndiyo maana hata Crescent Island, ambayo watalii huiita kisiwa, maji yakipungua huunganika na nchi kavu, yakijaa inakuwa kisiwa kweli. Ziwa la namna hii halina ukingo mmoja. Lina mkeka linaoukunja na kuukunjua lipendavyo, nasi tunajenga juu ya mkeka.

Hili si siri. Tangu enzi za ukoloni, katika miaka ya 1930, kulikuwa na makubaliano kwamba ukanda ule unaofunikwa na kufunuliwa na maji usijengwe nyumba ya kudumu. Sina sifa za kuwapa walowezi, lakini hata wao walijua ziwa hurudi kwake.

Sasa angalia tunavyogawanya lawama. Mwaka wa 2020 maji yaliingia mtaa wa Kihoto, na 2025 yakaingia tena, watu wakaondolewa kwa mashua, magodoro kichwani. Wakaambiwa nini? Ati mlijenga ndani ya ziwa, wakaidi nyinyi. Wengine walikuwa na hatimiliki mkononi, na hatimiliki haichapishwi na kiboko. Maji hayohayo yakiingia kwenye bustani ya hoteli, hakuna anayeitwa mkaidi. Huko inaitwa mabadiliko ya tabianchi, na wageni wanapelekwa kwa mashua kupiga picha kati ya migunga iliyokufa imesimama. Mafuriko ni yaleyale, ila upande mmoja ni aibu na upande mwingine ni kivutio.

Mimi naishi kwa kuandika. Chuo niliacha karo iliponishinda, kwa hivyo kazi nachukua inayokuja. Mwaka jana ilikuja moja: kuandika brosha ya "kijiji cha kisiwani" kilichokuwa kinapangwa kwenye ziwa moja huku kwetu. Nikauliza maswali matatu. Maji ya vyoo yataenda wapi? Wafanyakazi watalala wapi? Mvuvi atapita wapi? Jibu lilikuwa fupi: wewe weka tu maneno matamu, na usisahau kuandika kwamba mahali hapa hapajaguswa. Kazi niliwarudishia.

Hapajaguswa na nani? Wamaasai walichunga ng'ombe bonde hili hadi mkataba wa 1904 ulipowahamisha kupisha walowezi. Ukisikia mahali Bonde la Ufa panaitwa hapajaguswa, uliza ni nani aliondolewa.

Na wanaoishi hapo leo je? Karagita ni mtaa wa watu wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua na kwenye hoteli hizohizo. Ziwa wanaliona, lakini maji ya kunywa wananunua kwa mtungi. Ya visima yana floridi nyingi, ndiyo maana meno ya watoto wengi wa huku yana rangi ya kahawia. Kufika majini ni lazima utafute penyo chache za umma, kama Kamere, kwa sababu kwingine ni ua baada ya ua. Kiboko naye hutoka usiku kutafuta nyasi, na malisho yake yamezibwa na ua uleule. Yeye na mvuvi wanasukumwa kwenye kipande kimoja cha ufuo, halafu mvuvi akiuawa tunasema mnyama ni mkali.

Najua mtaniambia kuhusu ajira. Ajira ni kitu, na nina marafiki ambao bila hoteli hizi wangekuwa wanahesabu mawe. Sijasema hoteli zifungwe. Nasema tuache kuita kila kitu upatanifu, kwa sababu upatanifu wa kweli upo na unaonekana. Nenda kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Matumbawe yake yalihifadhiwa rasmi mwaka wa 1994, na wageni walianza kulala huko 1998. Vibanda ni saba tu. Maji ni ya mvua inayokingwa na mapaa, choo hakitumii maji wala hakitiririshi kitu baharini, umeme ni wa jua. Wavuvi wa zamani wakafunzwa kuwa walinzi wa matumbawe, na watoto wa shule huletwa kujifunza bila malipo. Hao waliuliza kisiwa kinaweza kubeba nini kabla ya kuuliza mgeni anataka nini.

Hata hapa karibu tuna la kujifunza. Ziwa Baringo lilipopanda, rasi ya Longicharo ikageuka kisiwa na twiga wakakwama huko. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga 9 walivushwa mmoja mmoja kwa chelezo cha chuma hadi hifadhi ya Ruko, ambayo ni ya jamii za Ilchamus na Pokot. Sina ugomvi na twiga, kazi ile ilikuwa nzuri. Ilionyesha kwamba tukitaka tunaweza: pesa inapatikana, mafundi wanapatikana, majirani waliowahi kugombana wanashirikiana. Sasa chelezo cha watu wa Kihoto kiko wapi? Cha Mwariki, pale Nakuru, ambako Ziwa Nakuru limeingia kwenye nyumba za watu, kiko wapi?

Kuna aliyeniambia mambo ya maziwa niwaachie wenye digrii. Sawa, digrii sina. Lakini ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu kupanda kwa maziwa haya ililaumu hasa mvua iliyoongezeka na udongo unaosombwa kutoka juu, na hayo hata mkulima wa Wanjohi atakueleza.

Kwa hivyo anayetaka kujenga na kujiita rafiki wa maumbile afanye mambo manne. Kwanza, mstari wa ukingo uwe mmoja, wa mwenye hoteli na wa mwenye nyumba ya mabati, na anayehamishwa akiwa na hatimiliki alipwe. Pili, kila penye ua kuwe na njia ya umma ya kufika majini. Tatu, hoteli zichangie wakulima wa Turasha na Wanjohi wanaopanda nyasi na miti kuzuia udongo, kama wakulima wa maua walivyowahi kuchangia. Nne, maji safi yafike Karagita kabla ya bwawa jipya la kuogelea kujazwa.

Asiyeweza hayo ajenge kama sheria inamruhusu, lakini aliondoe lile neno kwenye bango.