Anayeinuka kwenye kiti cha magurudumu si mwongo

Kila mwaka likizo ya Disemba inapokaribia, familia nyingi za Nairobi huanza kupanga safari ya Mombasa, Malindi au mbugani. Tiketi hununuliwa, hoteli hulipiwa, watoto hutafutiwa kofia za jua. Jambo moja tu aghalabu halizungumzwi: itakuwaje kwa yule mmoja wetu ambaye hutembea, lakini hatembei mbali?

Nasema nawe, mpenzi msomaji, unayeweza kutoka chumbani hadi mezani, ukapanda gari bila kushikwa, hata ukaenda kanisani au msikitini, lakini ukitembea mita 200 magoti yanawaka moto au pumzi inakatika. Nasema pia na wanao na wajukuu wako. Ushauri wangu ni mfupi: katika safari hiyo chukueni kiti cha magurudumu. Kitumie kwa masafa marefu, kisha uinuke utembee pale unapoweza. Wala usimwombe mtu radhi kwa kuinuka.

Wengi hudhani kwamba binadamu wamegawanyika mafungu mawili, wanaotembea na wasiotembea. Katika kliniki hapa Kileleshwa naliona fungu la tatu, nalo si dogo. Yumo mama ambaye gegedu la magoti yake limechakaa, mifupa ikawa inasuguana kila anapopiga hatua. Yumo mzee ambaye moyo wake umedhoofika, hausukumi damu ya kutosha anapopanda mlima. Yumo aliyepona kiharusi, ambaye asubuhi hutembea vizuri na jioni huburura mguu. Yumo aliyevuta sigara miaka 30 na mapafu yakaharibika. Na wamo vijana pia: mwenye baridi yabisi, mwenye selimundu, anayetibiwa saratani, na mama mjamzito ambaye nyonga zinamwuma.

Hawa wote wana akiba ya nguvu kwa siku, kama mtu mwenye pesa kidogo mfukoni. Akizimaliza zote kwa nauli, atafika sokoni mikono mitupu. Hivyo ndivyo likizo huharibika. Familia hufika langoni, baba akatazama umbali uliopo, akasema, "Nyinyi nendeni, mimi nitawangoja kwenye gari." Watoto humhurumia, lakini huenda. Huyo baba amelipiwa safari ya karibu kilomita 500 ili aone eneo la kuegesha magari.

Ninapotaja kiti cha magurudumu, jibu huwa karibu lile lile: "Daktari, kwani nimefika hapo?" Neno hilo "hapo" lina uzito. Kwetu sisi kiti cha magurudumu huhesabiwa kuwa kituo cha mwisho kabla ya kitanda. Hakuna anayesema "nimefika hapo" anapopewa miwani ya kusomea, ingawa miwani nayo huvaliwa wakati wa kusoma na kuvuliwa wakati wa kula.

Aibu hiyo ina ndugu yake, nayo ni shaka ya watu. Hapa Nairobi, mtu akiinuka kutoka kwenye kiti cha magurudumu, watazamaji wana maelezo mawili tu. Kama ni kwenye mkutano wa injili uwanjani, ni muujiza. Kama ni barabarani, ni utapeli. Ni kweli kwamba wamewahi kuwapo watu mjini waliojifanya hawawezi kutembea ili waombe pesa, na hilo limetufundisha kumtilia shaka kila mtu. Lakini mtu anayeinuka huenda hakuponywa wala hakudanganya. Huenda alikuwa amepumzika tu, sasa anatumia miguu aliyokuwa akiitunza.

Katika hoteli moja ya pwani nilimwona mzee akiinuka kwenye kiti chake ili apigwe picha na wajukuu. Mlinzi akacheka kwa sauti: "Mzee, kumbe unatembea!" Watu wakageuka. Mzee yule hakuketi tena kitini mchana huo. Alitembea hadi kwenye chakula, akatembea hadi chumbani, na siku mbili zilizofuata alilala kwa maumivu huku wenzake wakiogelea. Sidhani mlinzi alikusudia ubaya. Lakini neno moja la mzaha lilimgharimu mzee nusu ya likizo yake.

Mashirika ya ndege yalilielewa jambo hili zamani. Katika alama zinazotumika ulimwenguni, abiria anayehitaji kiti cha magurudumu huandikwa moja kati ya tatu. WCHR ni yule anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, lakini hauwezi umbali mrefu wa uwanjani. WCHS haziwezi ngazi, lakini akiwa ndani ya ndege hufika kwenye nafasi yake kwa miguu. WCHC ndiye asiyeweza kutembea kabisa. Tazama vizuri, msomaji: kati ya alama hizo tatu, mbili ni za watu wanaotembea. Kwa hiyo ukisafiri kwa ndege, liarifu shirika lako angalau saa 48 mapema, na ueleze waziwazi unaweza nini na huwezi nini.

Hata historia ya viti hivi haikuwa ya wasiotembea peke yao. Marekani ilipoandaa maonyesho makubwa ya dunia, huko Philadelphia mwaka 1876 na huko Chicago mwaka 1893, wageni walikodi viti vya magurudumu wakasukumwa kuyazunguka, kwa sababu uwanja ulikuwa mkubwa na miguu huchoka. Mwaka 1933 mhandisi wa migodi Herbert Everest, aliyekuwa amevunjika mgongo, akishirikiana na Harry Jennings, walitengeneza kiti cha chuma kinachokunjwa. Ndicho babu wa kiti kinachoingia leo kwenye buti la gari lako. Na ni nani aliyewahi kuyazunguka maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park tangu asubuhi hadi jioni, asitamani kusukumwa walau nusu saa?

Hapo huja swali ambalo watoto huniuliza mzazi wao akiwa ametoka nje: "Daktari, mama akikizoea je? Si miguu itakufa?" Swali hili ni la haki. Msuli usiotumika hupungua, na anayeketi mchana kutwa bila sababu hudhoofika. Lakini hesabu vizuri. Mzazi anayekataa kiti mara nyingi hatembei zaidi. Hubaki garini au chumbani. Mwenye kiti hufika, akainuka, akazunguka kidogo, akaketi tena. Kanuni ninayowapa ni hii: kiti ni cha njia, miguu ni ya mahali. Kila nusu saa hivi asimame kama anaweza, anyooshe magoti, apige hatua chache. Na mkirudi Nairobi mazoezi aliyopewa yaendelee kama kawaida.

Lakini kiti kisitumiwe kuficha ugonjwa usiojulikana. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, ukidhoofika ghafla upande mmoja, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi unapolala, safari ingoje. Nenda hospitali kwanza.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Usinunue kwa pupa. Maduka ya vifaa vya hospitali huviuza, na mengine hukodisha. Chama cha walemavu wa viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimekuwa kikitengeneza viti hivi humu humu nchini, na karakana zake za Bombolulu, Mombasa, zilianza mwaka 1969. Keti ujaribu. Kiti kikiwa kipana mno utaegemea upande mmoja, kikiwa chembamba kitakuchubua. Nyayo zikae sawasawa juu ya vikanyagio bila magoti kupanda juu. Weka mto mzuri, hasa kama una kisukari na miguu imekufa ganzi, kwa maana kidonda cha kukalia huanza bila maumivu.

Kabla ya safari fanyeni jaribio. Nendeni Arboretum, hapa karibu na Kileleshwa, ambako kuna njia na miteremko ya kutosha kumfunza msukumaji kazi yake. Funga breki kabla mtu hajaketi na kabla hajainuka. Inua vikanyagio kwanza. Mtu akivikanyaga wakati wa kusimama, kiti hupinduka. Kwenye mteremko mkali, shuka kinyumenyume, wewe msukumaji ukiwa upande wa chini. Na mtu akikuuliza, "Mzee atakunywa chai?", mwambie amwulize mzee mwenyewe. Magonjwa ya magoti hayazibi masikio.

Kwa wanaokwenda Mombasa kwa treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, kumbukeni kwamba stesheni za Syokimau na Miritini ni kubwa, na mwendo wa kutoka langoni hadi behewani si mfupi. Fikeni mapema, mwombe msaada. Ndani ya behewa, mgonjwa asiketi saa zote bila kusimama, kwani damu ikituama miguuni yaweza kuganda.

Mkifika, chagueni mahali kwa akili. Katika Haller Park, Bamburi, bustani iliyooteshwa kwenye machimbo ya zamani, kiti kitawafaa sana kwa kuwa kuna mwendo mrefu. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590, ina mawe na ngazi. Hapo kiti kitakufikisha, kisha utaamua utaona nini kwa miguu na utaacha nini. Ufuoni magurudumu ya kawaida huzama mchangani. Kiache mahali pagumu, ushikwe mkono, utembee zile hatua chache zilizobaki. Nguvu ulizozihifadhi tangu asubuhi ndizo zitakazokufikisha majini.

Wasiosafiri nao wasiachwe. Katika Nairobi Safari Walk, barabara ya Lang'ata, kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi. Msitu wa Karura una njia za udongo, lakini ni ndefu na zina vilima, na mvua ikinyesha magurudumu hukwama. Nendeni siku kavu, na msukumaji awe mwenye nguvu.

Kwa wenye hoteli na wasimamizi wa bustani nina neno. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iligusia majengo ya umma, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pake. Lakini si kila kitu kinangoja hakimu. Benchi la kupumzikia kila baada ya mwendo mfupi, kishikio ukutani chooni, na chumba cha chini kwa mgeni anayekiomba havihitaji mamilioni. Na wafunzeni walinzi wenu jambo moja: mgeni anayeinuka kwenye kiti chake hadaiwi maelezo.

Nawe unayepanga safari, usiulize tu, "Hoteli yenu inafaa walemavu?" Utajibiwa ndiyo. Uliza kuna ngazi ngapi hadi chumbani, lifti inafanya kazi, na mlango wa choo una upana gani. Pima kiti chako kwanza, ndipo upige simu.

Najua wapo watakaosema kwamba kuketi ni kukata tamaa. Mimi naona aliyekata tamaa ni yule anayengoja garini. Msomaji, kama mwaka huu umeshaanza kutafuta sababu ya kubaki nyumbani wenzako wakienda, waambie wanao leo hii walete kiti. Atakayekuuliza mbona umeinuka, mjibu kwa upole kwamba ulikuwa ukipumzika, kisha uendelee na safari yako.