Sikio la Redio: Elimu Inaishia Wapi, Udukizi Unaanzia Wapi?



Ndugu wasomaji, mwaka huu darasa letu la juu lilizukiwa na mjadala uliotuchukua jioni tatu. Mwenzetu mmoja anayependa ufundi alileta kidude mfano wa flashi, akakichomeka kwenye kompyuta, akatuonyesha jinsi kinavyopokea mawimbi ya redio ya kila namna. Wengine walifurahi na kuomba wafundishwe. Wengine walisema, "Hili ni jicho la kuchungulia nyumba za watu, na anayelifundisha ni mshirika wa mwizi." Sisi wa kamati ya jarida tumelitazama jambo hili pande zake zote, na tunaleta rai yetu kwenu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Huko Marekani na Uingereza wako watu, maelfu kwa maelfu, ambao starehe yao ni kusikiliza redio zisizo za matangazo: ndege na mnara wake, meli na bandari, zimamoto, magari ya wagonjwa, na simu za upepo za polisi. Chombo chao huitwa skana, kwa kuwa hupita haraka juu ya masafa mengi na kusimama palipo na sauti. Zamani skana ilikuwa ghali. Mwaka 2012 wapenda redio waligundua kwamba kidude cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta, cha takriban dola 20, kinaweza kufanya kazi hiyo, nao wakawafundisha wenzao bure. Watu hawa hawasikilizi tu, bali hupeana elimu: orodha za masafa, michoro ya mitambo, na namna ya kuunda antena. Ugomvi uko hapo. Je, elimu hiyo ni halali kuitoa?

Sisi tunaona watu wamechanganya mambo matatu ambayo kila moja lina hukumu yake: kusikiliza, kufichua na kufundisha.

KUSIKILIZA

Sote tumesoma katika Suratul Hujurat, aya ya 12, kwamba Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana. Imo pia katika Sahihi Bukhari hadithi inayomwonya vikali anayetega sikio kwenye mazungumzo ya watu ambao hawataki asikie. Kiswahili chetu kina neno la mtu huyo: dukizi. Lakini angalieni sharti lililomo: watu hao hawataki asikie. Muadhini juu ya mnara hadukizwi na mtu, maana ameinua sauti ili asikiwe. Nahodha anayeomba msaada kwenye chaneli 16 ya baharini, yaani megahezi 156.8, anataka asikiwe na kila chombo kilicho karibu, na asiyemsikiliza ndiye mwenye lawama. Kwa hiyo si kila sauti ya hewani ni siri, na si kila sauti ya hewani ni ya watu wote.

Sheria za nchi nazo zimepishana katika kuuweka mpaka huu. Marekani, sheria ya mwaka 1986 iliruhusu raia kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto yaliyo wazi, ikakataza kunasa simu za mkononi za watu. Hata hivyo, baadhi ya majimbo, kama New York na Florida, huzuia skana ya polisi ndani ya gari bila ruhusa. Uingereza ni wakali zaidi: kuwa na skana si kosa, lakini sheria ya mwaka 2006 inafanya kuwa kosa kuitumia kwa makusudi ili kujua ujumbe usiokuhusu wewe wala umma. Chombo ni kile kile. Nchi moja ni starehe, nyingine ni mahakamani. Anayesema "redio ni redio tu" hajui alisemalo.

KUFICHUA

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa ulimi hauna mfupa. Desemba 1996 mume na mke huko Florida, wakiwa na skana garini, walinasa mazungumzo ya simu ya viongozi wa chama cha Republican, akiwamo Spika Newt Gingrich. Mmoja wa wazungumzaji, John Boehner, alikuwa akitumia simu ya mkononi. Wale wawili walirekodi, na kanda ikamfikia mbunge wa upande wa pili, Jim McDermott. Januari 1997 maneno yale yalikuwa gazetini. Mume na mke walitozwa faini ya dola 500 kila mmoja. McDermott alishtakiwa na Boehner, na baada ya kesi ya miaka kumi hivi akaamriwa kulipa fidia ya dola 60,000 na gharama za mawakili zilizopita dola milioni moja. Walichosikia kiliwatoka mdomoni, na maji yakimwagika hayazoleki.

La kuhuzunisha zaidi lilitokea Boston, Aprili 2013, polisi walipokuwa wakiwasaka walioripua mabomu kwenye mbio za marathoni. Watu wengi walisikiliza redio ya polisi usiku kucha na kutangaza kila neno. Polisi waliwaomba wasitangaze mahali askari walipo. Mbaya zaidi, wako waliodai kuwa wamelisikia redioni jina la mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa amepotea, wakamtangaza kuwa ndiye muuaji. Hakuwa yeye. Siku chache baadaye maiti yake ilipatikana mtoni, na ikabainika hakuhusika kabisa. Hebu fikirini hali ya mama yake: anamtafuta mwanawe, huku dunia inamwambia amezaa muuaji. Hayo hayakuletwa na skana. Yaliletwa na watu waliosikia nusu wakasema nzima.

KUFUNDISHA

Sasa twende kwenye kiini. Je, anayefundisha jinsi mawimbi yanavyofanya kazi anabeba dhambi ya dukizi na mzushi? Sisi tunasema la, hasha. Kuficha elimu hakujawahi kuwa ngao ya kutegemewa, na ushahidi tunao.

Baada ya sheria iliyopitishwa mwaka 1992, Marekani ilipiga marufuku kuanzia 1994 kutengeneza skana zinazofikia masafa ya simu za mkononi. Vitabu na majarida ya wapenda redio vilieleza kwamba katika baadhi ya skana kizuizi kilikuwa ni diodi moja tu, ukiikata masafa yanarudi. Wengi walikasirika na waandishi hao. Lakini ile kanda ya Florida ilinaswa Desemba 1996, marufuku ikiwa imeshaanza kazi. Kilichozifunga simu hatimaye ni mitambo ya dijitali iliyofumba mazungumzo kwa hesabu. Marufuku ya vifaa haikuweza.

Mfano wa pili ni TETRA, mfumo wa simu za upepo unaotumiwa na polisi wa nchi nyingi. Kanuni zake za kufumba maneno ziliwekwa siri tangu miaka ya 1990. Wataalamu wa kampuni ya Midnight Blue ya Uholanzi walizifumbua na kukuta kwamba ufunguo mmoja uliosemekana kuwa na biti 80 kwa kweli ulikuwa umepunguzwa hadi 32, kiasi cha kuvunjwa na kompyuta ya kawaida. Je, walikimbilia kutangaza? Hapana. Waliiarifu serikali ya Uholanzi mwishoni mwa 2021, wakawapa wahusika muda wa kurekebisha, ndipo Julai 2023 wakausema ukweli hadharani. Mwaka huo huo taasisi ya viwango ya Ulaya ikatangaza kwamba kanuni zile zitawekwa wazi. Adabu ya elimu ndiyo hiyo: sema ukweli, lakini anza na mwenye nyumba kabla ya kumwambia mpita njia kwamba mlango haufungi.

Hatusemi njia hiyo ni nyepesi. Mwanafunzi mmoja wa Slovenia aligundua udhaifu katika redio za polisi wa nchi yake, akawaarifu wakuu, akangoja takriban miaka miwili, kisha akatangaza mwaka 2015. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha nje cha miezi 15 kwa makosa kadhaa, likiwamo la kujaribu kuingilia mfumo. Tunamhurumia, na tunajifunza kwake kwamba nia njema haimkingi aliyegusa mtambo wa mwenyewe bila idhini.

Wapinzani wetu darasani walisema, "Mwizi naye atasoma." Ni kweli, atasoma, kama anavyosoma mwizi ramani ya mji. Lakini masafa mengi huko Marekani huchapishwa na serikali yenyewe katika daftari la leseni. Aidha, kuna gharama ya kufunga kila kitu. Polisi wa New York walianza mwaka 2023 kufumba redio zao. Tunakubali kwamba jina la mgonjwa au la aliyedhulumiwa linastahiki sitara. Lakini waandishi wa habari ambao kwa miaka mingi waliwahi kwenye tukio kwa kusikia redio, sasa hungoja kuambiwa na yule yule wanayepaswa kumchunguza. Wanaofichua ovyo ndio wanaowapa wakubwa sababu ya kuziba masikio ya wote.

RAI YETU

Kwa wenzetu wenye mapenzi na ufundi, tunawausia manne. Kwanza, jifunzeni sheria ya nchi mliyomo kabla ya kuwasha chombo. Pili, mkikuta mazungumzo ya faragha, ondokeni kama mtu aliyefungua mlango kwa makosa. Tatu, mlichosikia kibaki kwenu. Msirekodi, msisimulie, wala msimtaje mtu. Nne, mkigundua udhaifu, mwambieni mwenye mtambo kwanza, kwa maandishi, na msiujaribu kwenye mtambo usio wenu.

Na kwa wenzetu walioogopa, tunasema: msiufunge mlango wa elimu kwa kumchelea dukizi. Yule mwenzetu na arudi na kidude chake. Tutaketi naye, tutajifunza, na atakapofika kwenye sauti isiyotuhusu, tutamwambia azungushe mbele.

Wabillahi tawfiq.