Lipia Hewa: Nafasi Kati ya Matenga ni Sehemu ya Mzigo



Leo sigusi mbegu wala mbolea. Nataka tuongee kuhusu hewa, kwa sababu nimechoka kuona vijana wanalima vizuri, wanavuna vizuri, halafu mzigo unapikwa njiani.

Wengi mnajua kituo changu cha kazi ni Dar. Watu hunitania, bwana shamba wa mjini analima nini, lami? Ukweli ni kwamba afisa ugani wa mjini anaona kitu ambacho mwenzake wa kijijini haoni: mwisho wa safari. Yeye anaiona nyanya ikiwa shambani inang'aa. Mimi naiona inaposhushwa Kariakoo. Na mara nyingi ukiniambia ni nyanya ileile, nitabisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, wakati wa joto, kijana mmoja wa Ilula kule Iringa alinipigia. Anapakia fuso la nyanya kuja Dar, matenga 150, na mawingu yalikuwa mazito. Akaniuliza, "Bro, nifunike vipi?" Nikamjibu haraka maana nilikuwa kwenye kikao: funika vizuri, funga turubai pande zote, vumbi na mvua visiingie. Akafanya nilivyosema. Tena vizuri mno.

Gari lilitakiwa liingie alfajiri. Likapata pancha, likakaa kwenye foleni ya mzani, likafika mjini saa nne asubuhi. Hapo likasimama mtaa wa nyuma ya soko likisubiri zamu ya kushusha, juani, hadi saa nane mchana. Mvua haikunyesha hata tone njia nzima. Mimi nilikwenda kuuona mzigo kwa niaba yake. Kuli alipofungua turubai, mvuke ulinipiga usoni kama mtu amefunua sufuria ya wali. Mama mmoja mnunuzi wa jumla aliingiza mkono kwenye tenga la katikati, akautoa, akaniangalia.

"Bwana shamba, hizi zimeshapikwa. Ungeleta na kitunguu kabisa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Matenga ya pembeni na ya nyuma yalikuwa safi. Ya katikati yalikuwa yamelainika, mengine yanachuruzika. Bei ikaanguka palepale. Kijana nilipompigia akasema yale mnayosema wote: "Madalali wananionea." Ikabidi nimwambie ukweli: safari hii dalali hajakuonea, mdogo wangu. Tumejionea wenyewe, na mimi ndiye niliyekushauri.

Nini kilitokea mle ndani

Nyanya ikishachumwa haijafa. Inapumua. Inavuta oksijeni, inatumia sukari yake, inatoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Tunda moja mkononi huwezi kulisikia joto hilo. Ukijaza gari zima na kuliziba, joto la kila tunda linaongezeka kwenye la mwenzake na halina pa kutokea. Tena kadiri tunda linavyopata joto ndivyo linavyopumua kwa kasi: joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kupumua huweza kuongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo mzigo uliozibwa unajichemsha, na kila saa inayopita inaongeza kasi ya kuchemka.

Ongeza joto la shambani. Nyanya iliyochumwa saa saba mchana inaingia kwenye gari ikiwa tayari na moto wa jua. Ongeza gesi ya ethilini ambayo matunda yanayoiva huitoa. Isipopata njia ya kutoka, iliyoiva inaziharakisha zile ambazo hazijaiva. Ongeza unyevu unaoganda chini ya turubai na kudondokea matunda, ukungu na bakteria wakafurahi. Ndiyo maana pembeni ni nzuri na katikati ni mbovu. Mbegu ni moja na shamba ni moja. Zimetofautiana hewa tu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalihesabu. Gari likitembea, walau upepo unapita. Likisimama, hakuna. Kwa mzigo wa Dar, zile saa za kusimama mjini ukisubiri kushusha, jua la pwani liko juu ya turubai, zinaweza kuwa mbaya kuliko usiku mzima wa kutoka Iringa.

"Lakini tenga si lina nafasi kati ya mbao?"

Lina. Halafu sisi tunaziziba. Ndani tunatandika majani ya mgomba au magazeti pande zote. Juu tunaweka kilemba cha lumbesa, na tenga la juu linakaa kwenye nyanya badala ya kukaa kwenye mbao. Zile za kilemba zinapasuka, juisi inashuka chini, na hewa ya juu imeshafungwa. Kisha tunasukuma matenga yabanane ubavu kwa ubavu, kwa sababu "gari linaenda na nafasi".

Wa maboksi msijione mmepona. Vijana wa pilipili hoho na matango wanaokota maboksi yaliyotumika ya mafuta ya kula au sabuni, hayana tundu hata moja. Wengine wana maboksi mazuri yenye matundu, lakini wanapanga kama matofali ya ukuta, moja likikalia maungio ya mawili ya chini. Inapendeza macho. Ila tundu la chini linakutana na kitako cha boksi la juu, hewa imekwisha. Halafu nguvu ya boksi la karatasi iko kwenye kona zake nne. Ukilipanga kimatofali, kona ya juu inakalia katikati ya lile la chini, palipo dhaifu, na linabonyea. Panga wima, kona juu ya kona, tundu juu ya tundu.

Hata wanaosafirisha parachichi kwa kontena la baridi sheria ni hiyohiyo. Baridi ya kontena hutokea chini sakafuni na kupanda juu kupitia mzigo. Boksi lililozibwa halipozwi na mashine yoyote. Umelipia baridi inayozunguka nje ya boksi.

Msimamo wangu

Nafasi ya hewa ni sehemu ya mzigo. Unalipia mafuta, unalipia kuli, unalipia ushuru. Lipia na hewa. Kijana anayekodi gari na kuhesabu kila pengo kuwa hasara hajapiga hesabu hadi mwisho.

Tupige basi. Hizi ni namba za mfano, weka za kwako. Umekodi gari zima, nauli haibadiliki. Tenga zuri ni sh. 40,000, lililolainika sh. 20,000.

Umebananisha matenga 150, ya katikati 45 yakalainika. Mazuri 105 ni sh. 4,200,000. Mabovu 45 ni sh. 900,000. Jumla sh. 5,100,000.

Umeacha njia za hewa, yameingia 130. Tuseme hata hivyo 5 yamelainika. Mazuri 125 ni sh. 5,000,000, mabovu 5 ni sh. 100,000. Jumla sh. 5,100,000 ileile, na matenga 20 yamebaki kijijini, uyauze hapo au yasubiri safari nyingine. Juu ya hapo, mnunuzi wa Kariakoo anakukumbuka kwa mzigo mzuri. Hilo la mwisho sijalitilia bei, lakini wanaofanya biashara wanajua thamani yake.

Kuna hoja mbili za upande wa pili na zote ni za kweli. Ya kwanza ya madereva: mzigo usiobanana unacheza, na ukicheza unapondeka. Sawa. Jibu lake ni kuukaza kwa vipande vya mbao kati ya safu na kamba nyuma, ili matenga yasicheze lakini hewa ipite. Ya pili ya wakulima wadogo: mimi silipii gari zima, nalipia kwa tenga, mwenye gari ndiye anayepanga. Hapo ni kweli mkulima mmoja hana sauti. Kumi wakipakia pamoja wanayo. Kikundi kikodi gari, kikubaliane na dereva idadi ya matenga kabla ya injini kuwashwa, na mmoja wenu asimamie upakiaji. Makubaliano ya baada ya kupakia huwa ni ugomvi.

Fanya hivi safari ijayo

- Vuna asubuhi, weka mzigo kivulini, pakia jioni. Usipakie moto wa mchana.
- Jaza tenga hadi vidole viwili chini ya ukingo. Mbao ibebe mbao. Lumbesa achana nayo.
- Majani ya kutandika weka chini tu, na kidogo. Ubavuni acha mbao zipumue.
- Inua safu ya chini kwa chaga au mbao, isikae juu ya bodi ya gari.
- Acha njia za hewa za upana wa kiganja, zikitoka mbele ya gari hadi nyuma, ili upepo wa safari uingie na kutoka. Njia inayoishia katikati ni shimo tu.
- Turubai lisilale juu ya nyanya. Liinue kwa miti au vyuma. Kama hakuna mvua, acha mbele na nyuma wazi. Mvua ikija, funga, na ikikatika, fungua. Mwambie dereva hivyo kwa mdomo wako, usimwachie abuni.
- Ukitoboa boksi mwenyewe, matundu machache makubwa ni bora kuliko mengi madogo. Yakae mbali na kona, na kwa jumla yasizidi sana asilimia 5 ya ubavu, la sivyo boksi litalala.
- Usichanganye ndizi au parachichi zinazoiva na mboga za kijani gari moja. Ethilini itazigeuza njano.
- Mchicha na mboga za majani ni kesi tofauti kidogo. Zinahitaji kupumua, lakini upepo mkali unazikausha. Zipe kivuli na hewa tulivu, na safari fupi.
- Gari likifika mjini, likisimama tu, turubai lifunguliwe pembeni na litafutiwe kivuli. Kuwe na mtu wako wa kulisimamia hilo.

La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Tia alama ya rangi kwenye matenga: nyekundu katikati, nyeupe pembeni. Mwambie dalali akuhesabie mabovu kwa rangi. Zikirudi nyekundu tupu, tatizo ni hewa. Zikirudi zimechanganyika, tafuta ugonjwa, uvunaji au kuponda. Ukiweza, nunua kipimajoto cha kuchoma, pima tenga la katikati na la pembeni siku ya kushusha. Hapo utaongea na dalali mkiwa na ushahidi mkononi, na maneno ya "ananionea" yatapungua. Au utajua kwa uhakika kwamba kweli anakuonea.

Niseme na kuhusu Kariakoo yenyewe. Jengo lile la soko lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975. Kabla ya moto wa tarehe 10 Julai 2021, ukiingia mchana wa joto ungeona: paa ni miavuli mikubwa ya zege iliyokwenda juu, pande ziko wazi, hewa inapita. Mzee wetu alijua tangu wakati ule kwamba chakula na watu wa Dar wakifungiwa wataoza. Sisi miaka yote tumekuwa tukileta kwenye jengo linalopumua mizigo iliyozibwa pumzi.

Na maafisa wenzangu, hili ni letu pia. Tunamfundisha mkulima nafasi kati ya mche na mche, tunabeba hadi futi kamba. Akishavuna, tunamuaga. Hakuna aliyemfundisha nafasi kati ya tenga na tenga.

Yule kijana wa Ilula alipakia tena baada ya wiki tatu. Matenga 130, njia mbili za hewa, turubai limeinuliwa. Nyekundu zilizoharibika zilikuwa nne. Mama yule aliingiza mkono katikati kama kawaida yake, akautoa, hakusema neno. Alianza kuhesabu hela.