HIYO NYUMBA YA KWENYE PICHA IKO KWENYE KIWANJA GANI?

Wadau, wiki hii mtandao umechafuka kweli kweli. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, jina naliacha maana mnamjua, katupia Insta picha ya mjengo wake. Ghorofa moja, paa la kuficha, vioo mpaka chini, jua linazama, Range Rover nyeupe mlangoni na mitende miwili mirefu kama minara ya simu. Timu yake wanasema jamaa katoboa. Timu pinzani wanasema nyumba ya kukodi hiyo. Wote mmepigwa. Ile ni picha ya 3D, ya kompyuta, na nyumba yenyewe haina hata msingi.

Staa kutafuta kiki ndio kazi yake, mimi sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wanaotengeneza hizi picha, na madalali wanaozitumia kutuuzia ramani na viwanja. Watu wanadhani uongo uko kwenye nyumba. Hapana. Nyumba mara nyingi iko sawa, vipimo vyake vipo kwenye ramani. Uongo uko nje: kwenye nyasi, miti, mwanga, na pale kamera iliposimama.

Tupige hesabu kidogo, sio ngumu. Kiwanja tunachouziwa wengi huko Goba, Bunju, Chanika ni 20 kwa 20. Weka nyumba yenye upana wa mita 12 na kina cha mita 13. Pembeni unabaki na mita 4 kila upande. Mbele na nyuma unabaki na mita 7 kwa jumla. Ukiacha 2 na nusu nyuma, mbele una 4 na nusu. Prado peke yake ina karibu mita 5! Likiingia kichwa kichwa geti halifungi. Sasa lile bwawa la kuogelea na ile bustani yenye viti vya kupumzikia vimekaa wapi?

Kuna kingine watu hawakistukii. Ili mbele yote ya nyumba ya mita 12 iingie kwenye picha kwa lenzi ya milimita 35, ambayo haitanui vitu sana, lazima urudi nyuma karibu mita 12. Wewe una 4 na nusu. Kwa hiyo kamera iko wapi? Iko barabarani, na ukuta wa fensi umefutwa. Au iko sebuleni kwa jirani, na jirani naye kafutwa. Wengine wanaibakiza kamera ndani ya geti halafu wanatanua lenzi mpaka uani panaonekana kama kwa Mkapa. Halafu wanaishusha usawa wa magoti ili nyumba ionekane jitu. Macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6 kutoka chini, nani anaingia kwake akitambaa?

Mtasema nina wivu, ni picha tu. Sawa. Kuna dada mmoja anauza vipodozi, alinifuata inbox mwezi uliopita. Alipenda picha kama hizi, akalipia ramani, akachukua hela ya kikoba, akajenga nyumba ile ile kwa upana ule ule. Kwenye picha pembeni kulikuwa na nyasi na taa za bustani. Hakukuwa na shimo la choo, wala tenki la maji, wala kamba ya kuanikia nguo. Shimo limeishia kuchimbwa chini ya sehemu ya kupaki, tena mbali na geti, na gari la majitaka halifiki. Kila likijaa ni kuungaunga mabomba. Marejesho ya kikoba bado anadaiwa. Huyo naye mwambieni ni picha tu.

Turudi kwenye miti. Nimeshaona picha ya nyumba ya Madale ina miti yenye majani mekundu ya vuli ya Ulaya. Madale, jamani! Kijana kafungua maktaba ya miti kwenye programu, kachukua wa kwanza anaopendeza, kaudondosha. Mwarobaini hana, mkungu hana, mwembe uliopo pale kiwanjani tangu enzi za babu kaufuta. Na Dar hii jua la mchana linachoma vyumba vya magharibi mwaka mzima, mti mmoja wa kivuli upande ule una faida kuliko yale mawe ya kubandika mnayoyalipia mamilioni. Lakini picha zote ni za magharibi, taa zote zimewashwa, maana mwanga ule unaficha kila kitu. Magharibi ya Dar yenyewe hata nusu saa haifiki, giza limeingia. Leteni picha ya saa nane mchana tuone.

Vijana wa 3D wananijibu kwamba mteja ndio anataka hivyo, na ukweli haupendezi. Uvivu huo. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1700 kulikuwa na jamaa anaitwa Humphry Repton, kazi yake kupanga bustani na mashamba ya matajiri. Kompyuta hana, ana rangi za maji tu. Mteja anapewa kitabu chenye jalada jekundu, ndani kuna picha yenye kipande cha karatasi juu yake. Kikiwa kimelala unaona eneo lako lilivyo leo, ukikifunua unaona litakavyokuwa. Najua naye alikuwa anauza. Lakini mteja alikuwa na pande mbili za kulinganisha, sisi tunapewa moja.

Na nani kasema ukweli haupendezi? Acha ule mwembe mbele, tawi lake lifunike kona ya juu ya picha, tayari una kitu cha karibu, nyumba katikati, bati la jirani kwa mbali. Kinjia cha kokoto kutoka getini kinakupeleka macho mlangoni. Panda bogenvilia ukutani badala ya kuufuta ukuta. Miti mipya ichore mifupi, kama itakavyokuwa siku unahamia. Hata nguzo ya umeme iache, si ndio itakuletea umeme?

Sasa staa wetu, najua hapa unapita kimya kimya. Simama getini kwako leo, simu usawa wa macho, piga kiwanja kilivyo na uposti pembeni ya ile ya mitende. Laiki ya kwanza ni yangu. Na nyie wa 3D, komenti ziko wazi, njooni na picha zenu za saa nane mchana.