Viwanda vya Ghorofa Vibaki Mijini, kwa Masharti ya Afya

Ardhi ya mjini inapopanda bei, kiwanda huwa cha kwanza kufungashwa virago. Hupelekwa pembezoni, na mfanyakazi hukifuata huko, mbali na kituo chake cha afya. Mgonjwa wa kisukari anayeondoka alfajiri na kurudi usiku hukosa kliniki si kwa uzembe, bali kwa umbali.

Singapore, yenye uhaba wa ardhi, ilichagua kujenga kwenda juu. Tangu miaka ya 1960 imejenga majengo ya ghorofa yanayopangishwa viwanda vidogo vingi; baadhi yana njia za mteremko zinazofikisha malori ghorofa za juu. Ushonaji, uchapaji na uunganishaji wa vifaa vya umeme hubaki karibu na makazi.

Mfano huo unastahili kuigwa, lakini ghorofa haisamehi uzembe. Mjini New York, Machi 25, 1911, moto ulizuka ghorofa ya 8 katika kiwanda cha nguo cha Triangle. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto hazikufika juu. Wafanyakazi 146 walikufa. Huko Savar, Bangladesh, Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa ghorofa za chini ilifunga. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali. Kilichoua katika miji hiyo miwili si urefu wa jengo, bali kupuuzwa kwa uhai wa waliomo ndani.

Kwa hiyo mipango miji isiachiwe wahandisi na wenye mitaji peke yao. Wataalamu wa afya waketi mezani kabla ramani haijapitishwa, wahoji uzito utakaobebwa na sakafu, milango ya dharura, na mahali vumbi na mvuke wa kemikali vitakapotokea. Kiwanda cha ngozi au cha kuyeyusha betri za risasi kisiwekwe juu ya vichwa vya watu.

Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwahimiza matabibu wenzake wamuulize mgonjwa kazi yake. Mhudumu wa leo aongeze maswali mawili: unafanyia kazi ghorofa ya ngapi, na mlango wa dharura uko wazi? Mgonjwa naye ajibu bila woga. Majibu hayo, yakiandikwa na kufikishwa kwa wakaguzi, yanaweza kuokoa jengo zima.