Moshi Usioonekana Moto Wake

Methali isemayo kwamba pafukapo moshi pana moto haikosi kufunzwa katika shule zetu za upili. Nasi wanaisimu tumeifanya kuwa mfano wetu wa kudumu tunapoeleza maana ya ishara: moshi ndio ishara, moto ndio kinachoashiriwa. Mfano huo haujakosea, lakini umewazoesha vijana kuuona moshi kama kidole kinachoelekeza kwingine. Moto ukiwa mbali, moshi nao huonekana hauna neno.

Mnamo Juni 2023 wakazi wa New York waliona anga likigeuka rangi ya chungwa. Hapakuwa na msitu uliokuwa ukiteketea mjini humo. Moto ulikuwa Quebec, nchini Kanada, mamia ya kilomita kutoka hapo, na upepo ndio ulioubeba moshi. Tarehe 9 mwezi huo, wanafunzi wa shule za umma jijini humo walifunzwa wakiwa nyumbani. Asidhani mwalimu kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Mlima Kenya uliungua Machi 2012, na Februari 2022 moto ukazuka Aberdare. Shule ngapi za Nyeri na Nyandarua ziko chini ya milima hiyo?

Basi somo na lianzie kwenye moshi wenyewe. Ndani yake mna gesi na chembechembe, na zinazotisha zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi. Mwanafunzi aachiwe hesabu hiyo aikokotoe mwenyewe; atagundua kwamba chembechembe kubwa kabisa za kundi hilo, zikipangwa bega kwa bega, ni 28 ndipo zitoshe upana wa unywele mmoja. Kwa udogo huo huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi hupenya katika damu. Leso iliyoloweshwa maji haizizuii. Barakoa ya N95 iliyobana uso barabara huchuja angalau asilimia 95. Aidha, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba chembechembe hizo zisizidi wastani wa mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa kwa saa 24.

Hapa lugha nayo inatutega. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu hali ya hewa atakujibu juu ya mvua na jua, kwani ndiyo maana aliyoizoea. Ni lazima afunzwe kutofautisha hali ya hewa na ubora wa hewa, maana siku ya jua kali isiyo na wingu hata moja yaweza kuwa siku ya hewa mbaya mno.

Baadhi ya shule za Marekani hupandisha kila siku bendera ya rangi inayolingana na ubora wa hewa: kijani ikiwa safi, nyekundu ikiwa ya kudhuru. Hilo twaweza kuliiga. Lakini si kila shauri la huko litatufaa. Kumwambia mwalimu afunge madirisha ilhali darasa lake halina vioo ni kumfanyia mzaha. Tena, shule nyingi za bweni hupikia kuni, na moshi wa jikoni hauna tofauti kubwa na ule wa msituni. Wapishi huuvuta mwaka mzima, na hapana gazeti linaloandika habari zao.

Muhimu zaidi ni mwanafunzi mwenye pumu. Mtu akimbiapo huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aketipo, na mbio za nyika hufanyika katika miezi hiyo hiyo ya kiangazi ambapo milima huwaka. Mwalimu wa michezo apewe idhini ya kuahirisha mbio asubuhi ile ile aonapo ukungu wa moshi, bila kungoja barua kutoka ofisi yoyote.