Uwanja wa ndege wa Goma: tuanzie Birere, si mnarani

Oktoba 30, 2025, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma, uliofungwa baada ya M23 kuingia mjini humo mwishoni mwa Januari mwaka huo, ungefunguliwa kwa ndege za misaada. M23 walipinga, wakisema hawakushirikishwa. Mjadala uliofuata ukaegemea swali moja: nani ashike mnara wa kuongozea ndege? Swali hilo ni zito. Lakini sisi wa Gisenyi, ambao ndugu zetu huvuka Petite Barrière kila asubuhi na mizigo kichwani, tuna swali jingine: nani anapanga ardhi iliyo mwisho wa njia ya kurukia?

Kazi ya mpangaji wa viwanja vya ndege haianzii kwenye lami. Huanza kwa kuuliza upepo unavuma kutoka wapi, milima iko upande gani, ardhi ina mwinuko gani na jirani ni nani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka mita 60 zibaki wazi baada ya lami kwisha, kisha eneo la usalama la mita 90 angalau. Kwa njia kubwa linashauriwa eneo la mita 240. Nafasi hiyo tupu, ambayo mpita njia huiona imepotea bure, ni sehemu ya uwanja kama ilivyo lami yenyewe.

Huwapa wanafunzi wangu hesabu moja. Kwa kila mita 300 za mwinuko, urefu wa njia ya kurukia huongezwa kwa asilimia 7, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndege inayohitaji mita 2,000 pwani huhitaji karibu mita 2,700 hapa kwetu, na hapo joto bado halijahesabiwa.

Sasa tuangalie yaliyotokea. Januari 17, 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika karibu theluthi moja ya njia ya Goma, upande wa kaskazini. Ndege ziliendelea kutumia kipande kilichobaki. Aprili 15, 2008, ndege aina ya DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere, kwenye nyumba na maduka. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao hawakuwa abiria. Kinshasa walikuwa wameona makubwa zaidi: Januari 8, 1996, ndege aina ya Antonov ilitoka kiwanja cha Ndolo ikaingia sokoni, ikaua watu zaidi ya 200.

Kwa hiyo anayelipa gharama ya uwanja uliopangwa vibaya si lazima awe mwenye tiketi. Anaweza kuwa mama wa Rubavu aliyepeleka kabichi.

Wapo wanaosema dawa ni kuwafukuza wachuuzi. Sikubaliani nao. Soko la Birere liko pale kwa sababu mpaka uko pale na wateja wako pale. Ukimfukuza mchuuzi bila kumpa mahali pengine palipo karibu, wiki ijayo amerudi. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunalielewa hilo: asiye na kiwanja hujenga palipo wazi, na palipo wazi mjini mara nyingi pana sababu ya kuwa wazi.

Fedha nazo hazitoshi peke yake. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa usalama wa uwanja huo. Mei 22, 2021, Nyiragongo ikalipuka tena, lava ikaishia pembezoni mwa mji, na maelfu ya watu wakakimbilia kwetu, kama walivyofanya mwaka 2002. Kaskazini kuna volkano, kusini kuna mji na ziwa, mashariki kuna mpaka. Njia haiwezi kurefushwa kwa matamko.

Kwa maoni yangu, makubaliano yoyote kuhusu uwanja huo yawe na mambo matatu. Kwanza, mwisho wa njia upimwe na uwekewe mipaka inayoonekana, kabla ndege kubwa hazijaruhusiwa. Pili, wachuuzi wa Birere wapewe soko jingine karibu na mpaka, na wa Rubavu washirikishwe, maana nao huuza huko. Tatu, uzito wa ndege ulingane na urefu wa njia iliyopo, si ile iliyokuwapo kabla ya lava.

Wakubwa watagombania mnara. Wanaouza Birere wanachohitaji ni mita 300 za ardhi tupu, na mtu mwenye mamlaka ya kuzilinda.